Maua, wanja na marinda: mwongozo kamili kwa mwanaume anayetaka kujipamba, Mtwara na Lindi

Khanga ikifungwa kiunoni kwa mwanamke inakaa. Ikifungwa kwa mwanaume inateremka kabla hajafika mlangoni. Sababu haina siri: nyonga ndiyo inayoshika kitambaa, na mwanaume hana nyonga ya kukishika. Ongeza bega pana, kifua bapa na hatua ndefu, utaona kwa nini mwanaume anayependa maua, marinda na rangi ya waridi huonekana kama ameazima nguo. Watu wakicheka, yeye hudhani wamecheka urembo wake. Mara nyingi wamecheka mshono. Si mara zote, na hilo la pili lina sehemu yake huko mbele, lakini la mshono linatibika kwa futi ya fundi na yadi chache za kitambaa, kwa hiyo ndilo litakalochukua nafasi kubwa hapa.

Pwani imekwisha kuruhusu nini

Kabla ya kununua chochote, hesabu vile ambavyo mwanaume wa kusini anavivaa tayari bila mtu kugeuza shingo. Kikoi na msuli ni vitambaa vya kuzungusha kiunoni. Ni sketi isiyoitwa sketi. Kofia ya kazi ya mkono imejaa maua ya sindano. Kanzu nzuri ina tarizi shingoni. Wazee hupaka hina ndevuni, wengine hutia wanja, na hakuna arusi ya Mikindani au Kilwa Kivinje ambayo wanaume hawanukii udi. Wareno waliofika Kilwa mwanzoni mwa karne ya 16 waliandika juu ya watu waliovaa hariri, pamba na vitambaa vya dhahabu. Na ukipanda bara, katika mapiko ya Wamakonde, mchezaji mwanaume hufunga kifuani ubao uliochongwa matiti na tumbo la mjamzito, akacheza kama mwanamke mbele ya kijiji. Ile ni ngoma, ina siri na miiko yake, wala haimpi mtu kibali cha kwenda sokoni na gauni. Lakini anayesema kwamba mwanaume kuvaa umbo la kike kumeletwa na simu, hajaiangalia ngoma ya kwao.

Hapo ndipo pa kuanzia. Utaratibu unaofaa ni huu: harufu kwanza, kisha hina, kisha kitambaa cha kufunga, kisha maua na tarizi, kisha marinda. Hereni na kusuka vinafuata. Rangi za uso na visigino ni vya mwisho. Wengi hufanya kinyume, wanaanza na lipustiki na kiatu kirefu, halafu wiki ya pili wanatupa kila kitu jalalani.

Harufu

Chukua chetezo, tia makaa mawili yaliyoshika hadi yakavaa majivu meupe. Kaa jeusi lenye moshi litaipa nguo harufu ya jikoni. Weka kipande cha udi kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Nguo itundikwe futi 2 juu yake, dakika 10 zinatosha, igeuzwe mara moja. Pamba hushika moshi siku nzima. Nguo za sintetiki hazishiki vizuri na zikikaribia kaa zinayeyuka. Mafuta ya manukato yapakwe kwenye ngozi, matone mawili nyuma ya masikio, si kwenye satini, kwani doa lake halitoki kwa sabuni ya mche.

Hina, na kwa nini piko ikae mbali

Kwa vidole na viganja viwili gramu 50 za unga wa hina zinatosha, zikabaki. Uchekeche kwa kitambaa chepesi, ukande kwa maji ya malimau mawili yaliyochujwa na kijiko cha chai cha sukari, uwe mzito kama uji wa mtoto. Funika. Kwa joto la Mtwara au Lindi hina huwa tayari baada ya saa 4 hadi 6: juu inageuka kahawia, ndani bado ni kijani. Ukiilaza hadi kesho yake kwenye joto hilo bila friji, nguvu inapungua.

Paka, kaa nayo saa 4 au zaidi, kisha ikwangue. Usioshe. Maji yakae mbali saa 12 nyingine. Asubuhi utaona rangi ya machungwa na utadhani imeharibika. Subiri siku ya pili, itakoza. Mwanaume mwenye viganja vya kazi hupata rangi nzito kuliko dada zake, kwa sababu ngozi nene inanywa zaidi.

Ngozi huachia hina baada ya wiki moja hadi tatu. Kucha haziachii. Kucha ya mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo rangi itaondoka pale tu kucha yote itakapokuwa imekua na kukatwa, miezi mitano au sita. Mwenye usaili wa kazi mwezi ujao apake viganja, aache kucha.

Piko ni jambo jingine. Ule unga mweusi wa kutia nywele, unaochorwa ngozini kwa sababu unashika upesi na ni mweusi kama wino, una kemikali ya kutia nywele rangi ambayo kwa watu wengine huchoma ngozi, ikatoa malengelenge yanayofuata mstari wa ua lenyewe na kuacha kovu. Anayeathirika mara moja huathirika maisha yote, hata akija kutia nywele rangi akiwa mzee. Kila hina inayoitwa "nyeusi" na kuahidi rangi kwa saa moja, ihesabu kuwa piko.

Kitambaa cha kufunga

Sasa kazi yenyewe. Nunua kitenge cha pamba yadi 1 na nusu, yaani inchi 54. Upana wa kitenge ni kama inchi 45, na huo ndio utakuwa urefu wa vazi kutoka kiunoni hadi kifundo cha mguu. Kabla ya mkasi kukigusa, kiloweke maji baridi usiku mzima, ukioshe peke yake hadi maji yatoke meupe, ukianike kivulini. Pamba mpya hupungua asilimia 3 hadi 5, na kwenye inchi 45 hiyo inaweza kufika inchi 2. Fundi akishona kabla hakijapungua, mwezi wa pili vifundo viko nje.

Hesabu yake, kabla ya kupungua: kiuno cha inchi 34, nyonga ya inchi 37. Toa inchi 2 za pindo za pembeni kwenye 54, zinabaki 52. Ukizungusha kwenye nyonga, kitambaa kinapishana inchi 15. Usikubali kupishana chini ya inchi 12, kwa sababu mwanaume anapanua hatua na kitambaa kitafunguka hadi pajani. Mwenye nyonga ya inchi 42 anunue yadi 2.

Kukifunga kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya msuli: vuta pembe zote mbili mbele, zikaze, kunja ukingo wa juu kuelekea nje mara mbili au tatu hadi uwe kama kamba nene. Kile kigongo cha mkunjo ndicho kinachofanya kazi ya nyonga usiyo nayo. Fundo la khanga la pembeni, lile la akina mama, litakuangusha. Njia ya pili ni kumwambia fundi atie mkanda wa kiunoni wa inchi 2 na kamba mbili za inchi 36, moja ipite kwenye tundu upande wa kushoto, zizunguke na kufungwa mbele. Ongeza kifungo kimoja cha kubana ndani, inchi 10 juu ya goti. Pindo la chini liwe la kukunja mara mbili, inchi 1 na nusu, ili lipate uzito. Upepo wa kusi unaovuma katikati ya mwaka pale Shangani, Mtwara, hauna adabu na vitambaa vyepesi.

Kuhusu khanga: ina pindo, mji na jina, na jina linasomwa. Mwanamke akivaa maneno ya kijembe, mtaa unajua anamlenga nani. Mwanaume akivaa, mtaa utatunga anayelengwa. Chagua khanga yenye dua au salamu, au umwambie fundi akate ili jina liangukie ndani ya pindo.

Kwa fundi

Kosa kubwa kuliko yote hufanyika hapa, na ni la maneno, si la mkasi. Mwanaume anakwenda kwa fundi na kusema nguo ni ya dada yake, "tumelingana mwili". Fundi, akiwa mwaminifu kwa kazi yake, anatia dati za kifua, yaani mikunjo iliyoshonwa ili kutoa nafasi ya matiti, anapandisha kiuno, anatanua nyonga. Nguo inarudi ina mifuko miwili mitupu kifuani na inabana mgongoni. Mwambie fundi nguo ni yako. Usiongeze maelezo. Fundi anayeshona kanzu na magauni pamoja ndiye wa kumtafuta, kwa sababu amezoea miili yote miwili na mara nyingi ameshaulizwa makubwa kuliko hayo. Nenda mchana wa saa nane, wateja wakiwa wachache. Usiende kati ya Oktoba na Januari kama una haraka: fedha za korosho zinapoingia, kila cherehani Masasi, Newala na Tandahimba ina foleni, na wiki mbili kabla ya Idi ni vivyo hivyo hata Lindi mjini.

Blauzi ya mwanaume inataka yadi 2 na nusu za poplini au voili yenye upana wa inchi 45. Vipimo vya kusisitiza ni hivi. Bega lipimwe kutoka mfupa hadi mfupa, lisikadiriwe. Kifua kiongezwe inchi 4 hadi 5 za kupumulia, maana joto letu halipendi nguo ya kubana. Tundu la mkono lishuke inchi 1 zaidi ya lile la mwanamke mwenye kifua hicho hicho. Dati za kifua hakuna. Ukitaka kiuno kionekane, kipimwe usawa wa kitovu. Kiuno cha gauni la kike hukaa juu zaidi, karibu na mbavu, na kwa mwanaume kinamfanya aonekane ana mwili mrefu na miguu mifupi.

Marinda yawekwe wapi? Mikono ya puto, iliyojaa begani, inapendeza sana kwenye picha za mitindo, lakini bega pana likiongezwa puto linakuwa mlango. Ujazo ushushwe uende kwenye kiwiko au kifundo cha mkono. Marinda ya mgongoni, chini ya kipande cha bega, yanaanguka vizuri na yanaruhusu mkono kunyanyuka. Shingo ya V inayoshuka inchi 3 chini ya kishimo cha koo hupunguza upana. Shingo ya mtumbwi, inayokwenda bega hadi bega, huuongeza. Mwenye bega jembamba anaweza kupuuza aya hii yote.

Sketi iliyokatwa kwa pembe, inayofunguka kama mwavuli, inampa mwanaume nyonga ambazo hakuzaliwa nazo. Sketi ya kubana inamnyang'anya hata zile chache. Ni uamuzi wako, lakini mafundi wengi wazuri watakushauri ya kwanza.

Lipa nusu, na sharti la kujaribu kabla ya overloki. Ukijaribu, nyanyua mikono yote miwili, kaa kwenye kigoda, chuchumaa. Nguo ikipanda kiunoni unaponyanyua mkono, tundu la mkono limeshuka mno, na hilo haliponi baada ya kumaliziwa.

Na dera? Dera ndilo gauni rahisi kuliko yote kwa mwanaume: halina kiuno, halina dati, na bega lake ni kubwa. Dera la rangi moja lenye tarizi shingoni, ukiliona kwa mbali, ni kanzu. Tatizo lake ni urefu. Mengi yameshonwa kwa saizi moja, na mwenye futi 5 na inchi 10 atabaki na vifundo nje. Pima kutoka bega hadi sakafu kabla ya kulipa.

Mitumba na viatu

Lebo za mitumba zisahau. Beba futi, pima kwapa hadi kwapa nguo ikiwa imelazwa, zidisha mara mbili, na matokeo yazidi kifua chako kwa inchi 3 angalau. Kisha pima bega. Kama bega ni fupi, rudisha kwenye lundo, hata kama ua lake limekuroga. Upande unaweza kufunguliwa, bega haliongezeki. Dati zinafumuliwa kwa wembe, lakini angalia kwanza upande wa ndani kama kitambaa hakijapauka, maana mstari wa dati utabaki kama kovu. Vitambaa vya maua vya viskosi ni vizuri kwa joto. Poliesta ya kung'aa itakupikia kwapa.

Kwa viatu, pima mguu jioni ukiwa umevimba kidogo. Simama juu ya karatasi, weka alama kisiginoni na kwenye kidole kirefu. Chukua sentimita, ongeza 1.5, zidisha kwa 1.5: mguu wa sentimita 27 unatoa namba 42.75, yaani tafuta 43. Hesabu hiyo ya Ulaya ni moja kwa wanawake na wanaume, ila kiatu cha kike ni chembamba, na juu ya 41 ni adimu sokoni. Makubazi ya shanga ndiyo njia ya mkato: yanatengenezwa kwa kipimo chako, yanavaliwa na wote, na yanapendeza na kitenge. Kisigino cha kwanza kiwe kinene, sentimita 3 hadi 5, na ufanye mazoezi nyumbani kwenye sementi dakika 15 kwa siku, ukitanguliza kisigino kisha vidole, hatua fupi. Mchanga wa Lindi na mawe ya vichochoro vya Mikindani humeza visigino vyembamba. Hata wanawake hubeba vyao mkononi.

Uso, ndevu na wanja

Uso laini unaanza na kunyoa. Nywele za ndevu zetu zimejikunja, na zikikatwa karibu mno hugeuka na kuchoma ngozi kutokea ndani: ndivyo vile vipele vya shingoni. Lowesha ndevu kwa maji ya moto dakika 3, nyoa kuelekea zinakolala, usivute ngozi, wembe mmoja kwa safari moja. Mwenye vipele vingi atumie mashine na kuacha milimita 1. Kivuli kitakachobaki kinafunikwa hivi: tabaka jembamba la rangi ya machungwa iliyokoza kwenye eneo la ndevu tu, ligongegonge kwa kidole, poda kidogo, ndipo fondesheni. Bila ile rangi ya machungwa, fondesheni juu ya ndevu hutoa kijivu. Rangi ya fondesheni ijaribiwe kwenye taya, nje, juani. Taa ya dukani na mgongo wa mkono vyote vinadanganya.

Mkorogo hapana. Wengine hudhani urembo ni weupe, wanaanza na tyubu ya dawa ya ngozi, wanaishia na mashavu mekundu na mishipa iliyojitokeza. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na krimu za steroidi ni dawa za hospitali. Mafuta ya nazi na maji vinatosha.

Wanja uliosagwa wa asili, unaouzwa kwenye vikaratasi, mara nyingi ni madini yenye risasi, na risasi huingia mwilini ikadhuru. Nunua wa penseli uliofungwa, wenye orodha ya viungo. Kwa anayeanza, usichore mstari. Gusa vitone katikati ya mizizi ya kope za chini, kisha vifute kidogo kwa pamba. Macho yatakolea na hakuna atakayejua kwa nini. Penseli yako ni yako peke yako. Macho mekundu husafiri kwa penseli ya kuazimana.

Kutinda nyusi: ondoa zilizo katikati na zilizopotea chini, acha unene. Nyusi nyembamba kama uzi juu ya paji la mwanaume huonekana kama mshangao wa kudumu.

Kusuka kunataka nywele za inchi 2 hadi 3. Twende kilioni ndiyo rahisi kuanza nayo. Ikiuma usiku au vipele vidogo vikitokea pembezoni mwa paji, imekazwa mno; fumua, kwa sababu nywele zinazong'oka kwa kuvutwa mara kwa mara mwishowe hazirudi. Wiki 4 hadi 6, kisha zipumzike. Ukioga baharini, suuza kwa maji baridi siku hiyo hiyo.

Sikio litobolewe kwa sindano mpya iliyofungwa, na hereni ya chuma cha upasuaji au titani. Osha mara mbili kwa siku kwa robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, wiki 6 hadi 8, bila kuizungushazungusha. Mwenye makovu yanayovimba, au ambaye mama au baba yake anayo, asitoboe kabisa. Hereni za kubana zipo na hakuna anayezitofautisha. Shanga za mkononi na shingoni ni sawa. Shanga za kiunoni, huku kusini, zina maana ya unyagoni na ya chumbani, na zikionekana zitasomwa hivyo.

Nyumbani, mtaani, kazini

Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao ukoo hufuata kwa mama, na neno la mjomba ni zito. Kwa hiyo mara nyingi mtu wa kwanza kuzungumza naye si baba bali mjomba, au bibi mzaa mama, ambaye aghalabu ameona mengi na hana haraka ya kushangaa. Usiwape taarifa kwa kuwatokea sebuleni na gauni. Anza na kitambaa: "Mjomba, nimeshona kitenge hiki, shikamoo, kinakaaje?" Mjomba akiulizwa juu ya mshono atajibu juu ya mshono. Swali utakaloulizwa kwa hakika ni kama hukupita jandoni. Jibu fupi linatosha: "Nilipita, mjomba, na nguo hazikuniondolea jando." Ukianza kutetea, mazungumzo yamekwisha kuwa kesi.

Dini nazo zina maneno yake. Kwa Waislamu, dhahabu na hariri haziruhusiwi kwa mwanaume. Pete ya fedha na pamba zinaruhusiwa, na zinatosha kwa urembo mwingi. Masheikh na wachungaji wengi hawakubali mwanaume kuvaa nguo za kike waziwazi, basi msikitini na kanisani vaa kwa adabu ya mahali hapo. Ofisi za serikali zina waraka wa mavazi. Hereni na kusuka vitakuletea barua. Soksi za maua, leso ya hariri bandia mfukoni na tarizi kwenye kola hazijaletea mtu barua.

Sasa lile la kucheka kusikohusu mshono. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inaadhibu mapenzi ya kimwili ya wanaume wawili kwa kifungo cha miaka 30 hadi maisha. Nguo si mapenzi, na wanaume wengi wanaopenda maua wana wake na watoto, lakini mtaani watu huunganisha mambo hayo mawili bila kuuliza, na zogo la kijiweni linaweza kufika kituoni. Kwa hiyo tofautisha mahali. Nyumbani kwako na kwa marafiki unaowaamini, vaa utakavyo. Arusini, kitenge chenye maua, udi na hina vinapita bila neno. Sokoni na stendi ya Mkanaledi, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, watu wakizoee miezi miwili mitatu kabla ya kuongeza cha pili. Usiku, peke yako, vazi la kushangaza halifai. Akitokea wa kupiga kelele, usijibu kwa utani wa mwili wala matusi. "Shikamoo, kaka" na mwendo uleule hummaliza haraka zaidi. Wakiwa wengi, ingia dukani.

Picha ni hatari kuliko barabara. Usiitume yenye uso kwa mtu usiyemjua, hata kama naye ametuma yake. Nyuma yako kusionekane ukuta wa nyumba, namba ya bajaji wala bendera ya shule. Zima kipengele cha kuonyesha mahali ulipo (location) kwenye kamera ya simu.

Kwenye bodaboda ukiwa na kitambaa cha kufunga, kusanya pindo lote, pitisha katikati ya mapaja, likalie. Mnyororo na mikono ya gurudumu hula vitenge na baada ya kitambaa hula mguu. Bajaji ni bora.

Kutunza

Unyevu wa pwani unaua nguo kuliko jua. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua zikinyesha, nguo iliyokunjwa na jasho kidogo inaota ukungu kwa wiki moja, na vitone vile vyeusi kwenye satini havitoki. Anika kila kitu kivulini hadi mishono iwe mikavu, kwa sababu mshono hukauka mwisho. Usitundike viskosi, inarefuka, ikunje. Tia karafuu chache kwenye kitambaa kidogo, uzifunge, uziweke kati ya nguo, ubadilishe zikiisha harufu. Shanga na hereni zifutwe chumvi ya jasho kabla ya kurudi kwenye kopo. Wa Newala na nyanda za juu za Makonde, kwenye baridi, wana nafuu ya ukungu ila wana vumbi jekundu, na hilo halitaki maji kwanza: likung'ute likiwa kavu, kwa mkono, nje, ndipo uloweke.